Uta wa fidla si mpini wa jembe

MZAZI anayemnunulia mwanawe fidla huwa amejifunga kibwebwe. Kuna ada ya mwalimu, kuna nauli ya kwenda na kurudi kila Jumamosi, na majirani wa ghorofa ya juu nao wana maneno yao. Ndiyo maana huuma sana pale mtoto, baada ya miezi miwili hivi, anapoanza kusema hataki tena.

Ukimuuliza kisa na maana, atakwambia kidole gumba kinamuuma. Au atasema mkono umechoka, au bega linawaka moto. Wengine hawasemi lolote. Fidla hurudishwa katika kasha lake, kasha likasukumwa chini ya kitanda, na mzazi akakata kauli kwamba mtoto hana kipawa cha muziki.

Kabla hujafika huko, msomaji, hebu utazame kwanza mkono wake wa kulia. Mara nyingi kinachomfukuza mwanafunzi mpya si noti ngumu wala masikio mabovu. Ni jinsi anavyoushika uta.

Watu wengi hudhani kazi yote ya fidla iko katika mkono wa kushoto, ule unaobonyeza nyuzi. Lakini anayeitoa sauti ni mkono wa kulia. Singa za mkia wa farasi zilizofungwa kwenye uta hupakwa rozini, yaani utomvu mkavu wa msonobari. Zikipita juu ya uzi huunata na kuuvuta kidogo, kisha huuachilia, kisha huunata tena. Uzi wa pili wa fidla, ule wa noti ya A, hutetema hivyo mara 440 kila sekunde.

Mtetemo mwepisi kama huo hauwezi kustahimili mkono uliokakamaa. Mkono ukikaza, uzi hukabwa na fidla hukwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. Mtoto akisikia mkwaruzo huo huona haya, akaogopa, akakaza zaidi. Hapo ndipo maumivu yanapoanzia.

Mzazi naye, kwa nia njema kabisa, huongeza chumvi kwenye kidonda. Husimama mlangoni akaamuru, "Shika vizuri!" Katika lugha ya mtoto, kushika vizuri ni kushika kwa nguvu. Ndivyo alivyofundishwa kushika kikombe kisianguke na kushika mkono wa mamake wakivuka barabara. Basi naye huukamata uta kama mpini wa jembe.

Uzito wa yai

Je, uta wa fidla una uzani gani? Uta wa mtu mzima una urefu wa sentimita 74 au 75, na uzani wake ni gramu 60 hivi. Huo ni kama uzani wa yai moja la kuku. Ule wa mtoto ni mfupi na mwepisi kuliko huo. Hakuna mtu anayebeba yai kwa kulikaba.

Lakini mbona mwanafunzi huuona mzito? Sababu ni kwamba uta hushikwa upande mmoja tu. Chukua ufagio wa mpini mrefu uushike katikati, utauona mwepesi. Sasa ushike kwenye mwisho wa mpini na uunyooshe mbele yako. Ufagio ni ule ule, lakini sasa unataka kukuponyoka. Uta nao ni hivyo. Mahali unapolingana mizani ni kama sentimita 25 kutoka upande unaoshikwa, na sehemu yote iliyobaki inaning'inia mbele ikivuta kwenda chini.

Mkono wa anayeanza hushtuka ukihisi mvuto huo. Gumba hunyooka likakakamaa, kidole cha mwisho kikasimama kama kijiti, na kifundo cha mkono kikafungwa. Usimlaumu mtoto. Mwili wake unafanya kile ambacho mwili hufanya ukiogopa kuangusha kitu cha thamani.

Dawa basi si kumwambia ajitahidi. Dawa ni kuupunguza uzito huo mpaka mkono uzoee, kisha kuurudisha kidogo kidogo.

Pensili kwanza

Anza bila uta kabisa. Mwambie asimame wima, aache mkono wa kulia uning'inie ubavuni kama mkono wa mtu aliyesinzia ndani ya matatu. Autikise kidogo. Sasa mtazame vidole. Vimejikunja vyenyewe kwa upole, havikunyooka wala havikufumbwa ngumi, na gumba limeelekea ndani. Umbo hilo ndilo linalotakiwa. Mungu amekwisha kulitengeneza, na kazi ya mwanafunzi ni kutoliharibu.

Ainue mkono huo huo hadi mbele ya kifua, bila kubadilisha chochote. Kwa mkono wa kushoto achukue pensili na kuileta penye vidole vya kulia. Zingatia hapo, kwamba pensili ndiyo inayoletwa kwenye mkono. Mkono usiikimbilie pensili kwenda kuinyakua.

Gumba likunjwe kidogo, fundo lake likitokeza nje, na ncha yake iguse pensili kutoka chini. Likabiliane na kidole cha kati kilicho juu, kana kwamba viwili hivyo vinafanya pete. Kidole cha kati na kile cha pete viangukie upande wa pili kama nguo zilizoanikwa kwenye kamba. Kidole cha shahada kiilalie pensili kwa ubavu, kati ya kiungo cha kwanza na cha pili kutoka ukuchani. Kidole cha mwisho kikae juu yake kwa ncha, kikiwa kimejikunja.

Uzuri wa zoezi hili ni kwamba halina kelele. Mwanafunzi anaweza kulifanya usiku jirani amelala, au ndani ya gari lililokwama katika msongamano wa Barabara ya Jogoo. Dakika mbili asubuhi, dakika mbili baada ya chakula cha jioni. Aishike pensili, aiachilie, mkono ulegee, aishike tena. Kushika mara 20 na kuachilia mara 20 kunafundisha zaidi kuliko kushika mara moja kwa nusu saa, maana anachojifunza mkono ni ile njia ya kufika, na pia njia ya kuachilia.

Kisigino cha uta

Pensili ikizoeleka, sasa uletwe uta. Una ufito, una singa, una ncha, na kwa upande wa mkono una kile kipande cheusi kinachobana singa, chenye skrubu nyuma yake. Waingereza hukiita chura. Wafaransa hukiita kisigino, na hilo ndilo jina tutakalolitumia hapa kwa sababu linaeleweka zaidi.

Wakubwa huweka gumba pale ambapo ufito unakutana na kisigino. Lakini anayeanza hana haja ya kufika huko siku ya kwanza. Zipo njia mbili za kumpunguzia mzigo.

Ya kwanza ni kuushika uta juu zaidi, karibu na pale unapolingana mizani. Hapo hauvuti kwenda chini hata kidogo, na vidole hukaa kwa starehe kama vilivyokaa kwenye pensili. Baada ya siku kadhaa mkono ushuke upana wa kidole kimoja kuelekea kisigino, kisha mwingine, hadi ufike.

Ya pili ni kuweka gumba chini ya kisigino chenyewe badala ya kulipenyeza kati ya kisigino na ufito. Kisigino ni kinene, na gumba hupata mahali pa kupumzika. Walimu wanaofuata mtindo wa Mjapani Shinichi Suzuki, aliyezaliwa 1898 na kufariki 1998, huwaanzisha watoto wadogo hivyo, kisha gumba huhamishwa mkono ukisha kupata nguvu.

Kwa njia yoyote kati ya hizo, mwanzoni uta usimamishwe wima, ncha ikiangalia dari. Ukiwa wima uzito wake hushuka moja kwa moja na vidole havina cha kupigana nacho. Katika hali hiyo mwanafunzi agonge ufito kwa kidole kimoja kimoja, kuanzia cha shahada hadi cha mwisho. Kidole kinachoshindwa kuinuka ndicho kilichokaza.

Akiweza hayo, auinamishe uta polepole mpaka ulale sambamba na sakafu, halafu aurudishe wima. Hapo kidole cha mwisho ndicho kitakacholalamika.

Kidole cha mwisho

Kidole hiki kidogo ndicho hudharauliwa na wengi. Wengine hukiinua hewani kama mtu anywaye chai kwa madaha. Wengine hukinyoosha kikakauka. Ilhali kazi yake ni kubwa.

Fikiria ule ubao wa watoto uwanjani, huyu akipanda yule anashuka. Uta hufanya kazi kama ubao huo, na gumba ndilo gogo la katikati. Uta ukiwa hewani, au ukigusa uzi karibu na kisigino, kidole cha mwisho hukanyaga ufito kwa nyuma na kuipa ncha wepesi, uzi usije ukalemewa. Mkono unapovuta na uzi kukaribia ncha, kidole hicho hupumzika, na cha shahada kikaongeza uzito kidogo ili sauti isififie.

Maana yake ni kwamba mshiko wa uta haukai mahali pamoja. Vidole hupokezana kazi kila uta unapokwenda na kurudi. Mtoto aliyeambiwa aushike hivi na asibadilishe kamwe ataumia, hata kama picha yake inafanana na ile iliyo kitabuni.

Kidole cha mwisho kilichonyooka hakiwezi kupokea wala kupokeza kazi. Kilichojikunja kinaweza, kama goti la mtu anayeruka kamba. Kama kinateleza, mwalimu anaweza kubandika kipande kidogo cha plasta juu ya ufito kikawa alama ya mahali pake. Gumba nalo likiumia, kipande cha mpira laini kikizungushwa pale linapokaa humaliza tatizo.

Sasa uta uwekwe juu ya uzi, sehemu yake ya katikati, na mwanafunzi atulie bila kuvuta. Wewe mzazi ishike ncha kidogo tu kwa vidole viwili. Mwambie alegeze mkono. Atagundua jambo ambalo halisadikiki kwa maneno, kwamba uta hauanguki. Uzi umeubeba! Tangu hapo kazi yake si kubeba tena bali ni kuongoza. Aanze kwa mivuto mifupi ya katikati, upana wa kiganja, kisha airefushe siku hadi siku.

Kosa huenda si la mkono

Wakati mwingine mtoto hukaza uta kwa sababu ambazo hazihusiani na vidole vyake.

Kwanza ni rozini. Uta mpya usiopakwa rozini huteleza juu ya uzi kimya kimya. Mtoto asiposikia sauti hubonyeza zaidi, akidhani nguvu zake hazitoshi.

Pili ni skrubu. Singa zikikazwa kupita kiasi, ufito hupoteza ule mpindo wake wa kuingia ndani na uta hurukaruka juu ya uzi. Mwanafunzi naye huukaba ili autulize. Kati ya ufito na singa, pale katikati, pawe na nafasi ya kupitisha pensili, basi. Akimaliza mazoezi azilegeze.

Tatu ni ukubwa wa fidla yenyewe. Fidla za watoto zina vipimo vyake: robo, nusu, robo tatu, na nyingine ndogo kuliko hizo, hadi kufikia ile kamili. Kila moja ina uta wake. Wazazi wetu wana desturi ya kununua sweta kubwa ya shule ili mtoto aikulie. Kwa sweta ni busara. Kwa fidla ni kumtesa, kwa sababu mkono hulazimika kunyooka kupita kiasi ili ufike kwenye ncha, na bega likapanda hadi sikioni.

Nne ni hofu ya kelele. Katika fleti zetu zenye kuta nyembamba, mtoto anayejua kwamba jirani atagonga ukuta hujaribu kupiga kwa siri. Hujikunyata mwili mzima. Afadhali mzungumze na jirani mpatane saa maalumu, hata kama ni dakika 20 tu, mtoto apige kwa uhuru.

Na kama mtoto wako hutumia mkono wa kushoto kuandikia, usiwe na wasiwasi. Kwa kawaida naye hufundishwa kushika uta kwa mkono wa kulia kama wenzake, na katika fidla mikono yote miwili ina kazi nzito.

Hakuna mshiko mmoja

Mwanafunzi anayetazama wapigaji mbalimbali huchanganyikiwa. Huyu anashika hivi, yule vile. Nani amekosea?

Pengine hakuna. Katika karne ya 17, wapigaji wengi wa Ufaransa waliopigia watu ngoma waliweka gumba chini ya singa zenyewe. Mwishoni mwa karne ya 18 fundi François Xavier Tourte wa Paris aliupa uta umbo tunalolijua leo, na mikono ikabadilika pamoja nao. Mwalimu maarufu Carl Flesch, katika kitabu chake kilichotoka 1923, alieleza mishiko mitatu iliyokuwa ikitumika: wa Kijerumani, wa Kifaransa na Kibelgiji, na wa Kirusi. Tofauti kubwa ilikuwa ni mahali kidole cha shahada kinapogusa ufito.

Mikono ya watu haifanani. Yuko mwenye kidole cha mwisho kifupi, yuko mwenye viungo vinavyopinda kupita kiasi, yuko mwenye kiganja kipana. Vipimo vya mwalimu ni mahali pa kuanzia, na kila mkono una haki ya kusogeza kidole hapa na pale mpaka utulie. Ila jambo moja halina mjadala: gumba lisiwe limekauka, na vidole viweze kutembea.

Hapa kwetu si ajabu tena kuona mtoto na fidla. Taasisi ya Conservatoire of Kenya jijini Nairobi imekuwa ikifundisha muziki tangu 1944, na kule Korogocho watoto wamejifunza muziki wa okestra kupitia mpango wa Ghetto Classics. Isitoshe, kusugua uzi kwa uta si jambo geni kwetu. Waluo wana orutu na Wakikuyu wana wandindi, ala za uzi mmoja zilizokuwapo kabla ya okestra kuanzishwa jijini. Anayepata nafasi amtazame mpigaji orutu mzoefu akiwa kazini, autazame ule mkono wa uta tu.

Mzazi asiyejua noti hata moja bado anaweza kuwa msaada mkubwa nyumbani. Tazama ukucha wa gumba. Ukiwa umegeuka mweupe, mtoto anakaba. Tazama bega kama limepanda. Tazama kidole cha mwisho kama kimenyooka. Na badala ya kusema "shika vizuri," sema "legeza, pumua, anza tena." Akisimama kupumzika kila baada ya dakika tano, usidhani ni uvivu.

Uchovu mdogo wa misuli isiyozoea ni kawaida. Maumivu makali si kawaida, wala ganzi katika vidole. Yakitokea aache mara moja, mwalimu aambiwe, na yakiendelea hata baada ya kupumzika, apelekwe kwa daktari. Hakuna wimbo wenye thamani ya kuharibu mkono wa mtoto.

Kuzoea uta huchukua wiki nyingi, na kuna siku vidole husahau vilichojua jana. Hilo huwapata hata watu wazima walioanza kujifunza wakiwa na miaka 40. Basi kama kuna kasha la fidla chini ya kitanda nyumbani kwako, livute leo jioni. Liache fidla ndani kwa sasa. Mwite mtoto, mpe pensili.